MPANGO WA NANI, HASARA YA NANI?

Katika vilima vya Buha, toka Kakonko na Kibondo mpaka Kasulu, na kutoka Kasulu kuelekea Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, ni shida siku hizi kuupata mkutano wa kijiji ambao neno "soko" halikutajwa. Watu huambiwa walime kwa ajili ya soko, wachague mbegu ipendwayo na soko, wajiunge katika vikundi ili soko lipate kuwaona. Barabara ya kutoka Kabingo hadi Manyovu kwa njia ya Kibondo na Kasulu, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliiidhinishia fedha mwaka 2018, imeyapa maneno hayo nguvu mpya, na habari za reli itakayotoka Uvinza kwenda Musongati huko Burundi zimeyaongezea utamu. Sisi hatumo katika kundi la wale wanaoyacheka mambo hayo. Twayafurahia. Lakini twaona ya kwamba nyuma ya neno hilo limejificha swali moja ambalo watu hawaliulizi kwa sauti, nalo si swali la fedha tu bali ni swali la haki: yule amwambiaye mkulima, "Lima hiki, kitauzwa," ana deni gani kwa mkulima huyo siku ambayo hakiuziki?

Tuanze mbali kidogo, maana Buha si nchi iliyolisikia neno hili jana.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji wakaitwaa nchi hiyo mwaka 1916 wakati wa vita, wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Wakubwa wa serikali ile mpya walipoitazama ramani waliona neno moja la wazi, yaani ya kwamba gunia lolote litokalo Kasulu au Kibondo lazima lisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla halijaiona bahari, na nauli ya safari hiyo ingeila bei yote ya gunia. Mahindi hayakuweza kujilipia nauli, wala maharage. Kitu kimoja tu kilionekana kuwa chaweza, nacho kilikuwa mikono ya vijana. Mtu ana miguu, hupanda gari mwenyewe, wala haozi njiani.

Basi Waha wakaenda Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, nayo ikajulikana kila kijiji kwa jina la SILABU. Kijana aliandikwa, akapewa namba yake, akapakiwa; na kwa sababu ya namba ile watu wakawaita wote manamba. Familia zilizo na babu aliyerudi kutoka Korogwe na blanketi moja na kikohozi, au babu asiyerudi kabisa, si chache huko Buha, na baadhi yao watayasoma haya. Mkonge ule ulikwenda Ulaya na Marekani kusokotwa kamba.

Twalisema jambo hili kwa sababu moja. Ule nao ulikuwa mpango wa maendeleo. Ulikuwa na ofisi, hesabu, magari, wapimaji wa afya na mikataba yenye alama za dole gumba. Kwa lugha ya siku hizi tungesema ya kwamba uliiunganisha jamii ya Buha na soko la nje, tena uliiunganisha barabara kabisa. Katika daftari la mwenye shamba mpango ulifaulu. Lakini kule kilimani mama alibaki na jembe, watoto watatu na shamba la watu wawili. Maharage yakapandwa mvua ikiwa imekwisha kukata nusu ya safari yake. Hasara hiyo haikuandikwa katika daftari lolote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametumwa kuiandika.

Baada ya uhuru ikaja mipango mingine, iliyopangwa na ndugu zetu wenyewe na kwa nia njema. Mwaka 1972 watu wa mkoa wa Kigoma walihamishwa kutoka vilimani walikotawanyika, wakawekwa katika vijiji kando ya njia. Shule zikajengwa, zahanati zikaja, na hapana mtu mwenye akili atakayedharau jambo hilo. Ila migomba iliachwa nyuma, na mibuni pia, na wako waliokwenda saa nzima kila asubuhi kuyafikia mashamba ambayo zamani yalianzia mlangoni. Kisha mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa nchini kote. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Mkulima wa kahawa aliyekuwa na kadi ya chama chake akaambiwa si kitu, halafu akaambiwa ni kitu tena. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bwana shamba akifika leo na karatasi zake, na wazee wakakohoa na kutazamana, asidhani ni ujinga. Wazee wanakumbuka.

Yawezekana msomaji atatuambia ya kwamba hayo yamepita. Basi tutazame jambo la karibu zaidi, ijapokuwa si la Buha. Wakulima wa mbaazi wa Lindi, Mtwara, Babati na kwingineko walihimizwa kwa miaka kadhaa kuongeza mashamba, kwa kuwa India hula dengu na mbaazi kwa wingi na mavuno yake mwenyewe yalikuwa yamepungua. Bei ilikuwa nzuri, na watu wakalima. Mwezi Agosti mwaka 2017, India ikiwa imevuna sana, serikali yake iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi ziingiazo kutoka nje kwa mwaka. Bei huku kwetu ikaporomoka kama ukuta wa udongo uliolowa. Yalikuwapo magunia ambayo gharama ya kuyabeba hadi mnadani ilikaribia bei ya vilivyomo ndani. Je, serikali ya India ilitenda dhambi? Ilikuwa ikiwalinda wakulima wake, jambo ambalo twaomba kila siku serikali yetu ilifanye. Wachuuzi je? Wao nao walikuwa na mizigo bandarini. Wataalamu waliohimiza? Walisema walichokiona mwaka ule. Kila mmoja ukimshika ana udhuru wake, na udhuru wenyewe ni wa kweli. Lakini hasara haikwenda hewani. Ilikwenda ikakaa katika nyumba ya mkulima, ikala sare za shule na bati la kuezekea.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama. Kuna watu wenye elimu wasemao hivi: mkulima ni mtu mzima, hakulazimishwa, aliona bei, akatamani, akalima, faida ingalikuwa yake, basi na hasara ni yake. Neno hili lina uzito wala hatulitupi. Kumfanya mkulima mtoto asiyeweza kuamua ni dharau kubwa kuliko kumpunja. Walakini latosha katika jambo moja tu, yaani pale ambapo wawili wanaopatana wana uwezo wa kukataa ulio sawa. Mwaka 1967, siku hamsini hivi baada ya Azimio la Arusha, Baba Mtakatifu Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, na humo alifundisha ya kwamba mapatano baina ya walio na hali zisizolingana kabisa hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimekubali. Alikuwa akisema juu ya biashara kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Sisi twaona neno hilo linafika hata kwenye mzani wa gulio la Kasulu.

Maana tuutazame uwezo wa kukataa. Tuseme yuko mama mmoja, mjane, katika kijiji kisicho mbali na mji wa Kasulu. Katika nyanda zile mvua huanza mwezi Oktoba, na maharage ya kwanza huvunwa kati ya Desemba na Januari. Mwezi wa Januari ndio shule zinapofunguliwa. Ada ya shule za serikali imeondolewa, kwa msingi na sekondari hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na hilo ni jambo la shukrani. Lakini sare haijaondolewa, wala viatu, madaftari na michango. Kwa hiyo mama huyo huuza mwezi ule ule ambao jirani zake wote wanauza, mwezi wa bei ya chini kuliko zote. Mnunuzi ajua. Mwezi wa Aprili bei imepanda, naye mama yuko sokoni tena, lakini safari hii amekuja kununua. Maharage anayoyanunua yaweza kuwa ndugu wa yale aliyoyauza.

Wapangaji wameliona jambo hili, wakaleta ghala. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005: mkulima huweka mzigo wake, hupewa stakabadhi, aweza kukopa benki sehemu ya thamani yake, kisha hungoja bei ipande. Ni fikira njema sana. Lakini hebu tuitazame kwa macho ya mama yetu. Ghala lataka mzigo mkubwa, uliokauka, uliochambuliwa, wa mbegu moja. Yeye ana madebe mawili ya mchanganyiko. Ghala lataka angoje. Yeye hana cha kungojea. Kungoja nako ni mali, ndugu wasomaji, na anayeweza kungoja tayari amekwisha kuwa tajiri kuliko jirani yake. Ndiyo maana faida ya ghala aghalabu huwaendea wale waliokuwa na akiba tangu mwanzo, na mpango uliokusudiwa kumwinua mnyonge huweza kumpa jirani yake ngazi. Hatusemi ghala lifungwe. Twasema yule aliyelipanga asihesabu magunia yaliyoingia tu. Ahesabu pia nyumba ambazo hazikuingiza kitu, aende akaulize kwa nini.

Yako mengine katika habari ya maharage, nayo yahusu mlango wa nyumba. Mwaka 2016 ulianza mkoani Kigoma mradi wa kilimo endelevu uliogharimiwa na Ubelgiji (wale wale waliotawala pale kwa miaka mitano, historia ina mizaha yake), nao ulichagua kukazia mazao mawili, maharage na muhogo. Uchaguzi huo twausifu, kwa kuwa hayo ni mazao ambayo maskini anayo tayari, wala halazimiki kukopa ili ayaanze. Ila kuna tabia moja ya mazao ambayo haitajwi sana katika vitabu vya kilimo. Maharage yakiwa ya chungu ni ya mama. Yakiwa ya lori ni ya baba. Kwa miaka mingi mama ndiye alichagua mbegu, akapanda, akapalilia, akapiga, akapeta, akaweka chini ya uvungu mbegu za msimu ujao. Siku mnunuzi wa mjini alipofika na noti, mwenye nyumba akakumbuka ya kwamba shamba ni la ukoo wake. Hatuwasemi wanaume wote. Wako wanaoketi na wake zao wakahesabu pamoja mbele ya watoto, na nyumba hizo zapendeza kuingia. Lakini tumeingia pia katika nyumba nyingine, na anayepanga kupeleka maharage ya Kasulu nje ya nchi bila kuuliza fedha zitalala mfuko gani, amepanga nusu ya jambo.

Na mtoto je? Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa huku kwaonekana hata katika mikoa inayolima chakula kwa wingi. Maharage ni nyama ya maskini. Yakiuzwa yote, na fedha zake zikanunua unga mweupe na soda, tumeuza mwili wa mtoto tukanunua tumbo lililojaa. Kwa hiyo twashika neno moja ambalo wataalamu fulani wataliona la kizamani: kwamba hesabu ya kwanza ya mpango wa kijiji iwe ni debe ngapi zitabaki ndani ya nyumba mpaka mavuno yajayo, na soko lianze kuhesabiwa baada ya hapo. Tukiambiwa ya kwamba mwenye fedha hununua chakula popote, tutajibu ya kwamba ni kweli mahali ambapo bei hazipandi. Mama yetu wa Aprili ajua zaidi.

Lakini tusije tukaeleweka kwamba twataka Buha ijifungie. Kuna mfano mwema karibu, nao tuutaje kwa haki. Kalinzi na vijiji jirani, katika vilima vya wilaya ya Kigoma, watu walikuwa na mibuni toka zamani, lakini kahawa yao ilikwenda ikachanganyika na kahawa za kwingine, ikapoteza jina. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall, yule bibi aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960 na kufariki mwaka 2025, ilianzisha kazi miongoni mwa vijiji vinavyozunguka msitu ule, kwa kutambua ya kwamba msitu hauwezi kupona iwapo watu wanaoupakana wana njaa. Katikati ya miaka ya 2000 chama cha wakulima kiitwacho Kanyovu kilikutanishwa na kampuni ya kuoka kahawa ya Marekani, Green Mountain Coffee Roasters, nayo ikaiuza kahawa yao kwa jina la Gombe Reserve. Wanunuzi walikuja wenyewe wakaionja kahawa, wakawaambia wakulima nini kilichoiharibu na nini kilichoifanya kuwa njema: kuchuma matunda mekundu tu, kumenya siku ile ile, kuosha, kukausha juu ya vichanja badala ya chini. Mkulima akajua bei inatoka wapi. Kwa watu ambao miaka yote kahawa yao ilikwenda mnadani Moshi, mwendo wa kama kilomita elfu moja, na bei ikarudi kama uvumi, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Twakiri ya kwamba tulicheka kidogo tulipotambua kuwa katika nchi ya mbali jina lililoiuza kahawa hiyo halikuwa la Kalinzi wala la Waha, bali la makazi ya sokwe. Lakini kicheko hicho kina jambo ndani yake. Soko la mbali hununua hadithi pamoja na bidhaa, na hadithi yaweza kuchosha wasikilizaji. Mnunuzi mmoja akiwa ndiye wote, uhai wa kijiji umefungwa kwa uzi mmoja ulioshikwa na mtu asiyejua hata majira ya mvua zetu. Chama kilichoshika ufundi wa kuitengeneza kahawa vizuri hubaki na ufundi huo hata mnunuzi akiondoka, na hiyo ndiyo faida ambayo sisi tungeihesabu kwanza.

Na kwa nini tutazame mbali tu? Kutoka Kasulu hadi mpaka wa Manyovu hapafiki kilomita 100. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Na kanuni za Jumuiya humruhusu mchuuzi mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kuuvusha kwa karatasi rahisi bila kodi ya forodha, ikiwa bidhaa yenyewe imo katika orodha na imetoka katika nchi za Jumuiya. Watu wa pande mbili za mpaka ule wanasikilizana lugha, wanaoana, wanazikana. Biashara ya maharage, muhogo na mafuta ya mawese kati yao ni ya kale kuliko mpaka wenyewe. Lakini katika mipango mingi "soko la nje" maana yake ni meli, na mama avukaye na kapu Manyovu haonekani kuwa anasafirisha chochote. Ni kweli soko hilo nalo lina mashaka. Mwezi Mei mwaka 2023 Burundi ilishusha sana thamani ya faranga yake, na mchuuzi aliyelala na faranga sandukuni aliamka maskini. Hata hivyo hasara ya jirani waweza kuiona ikija. Waweza kuuliza habari gulioni. Ya Delhi huisikia mkulima ikiwa imekwisha kufika.

Tena lilikuwapo soko jingine, la karibu kuliko yote, nalo latutia aibu kidogo kulitaja. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 wakimbizi walijaa tena, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Watu wale walikula kila siku, kwa mgao wa unga, jamii ya kunde, mafuta na chumvi, na katikati ya vilima vinavyoota maharage sehemu ya mgao huo ilitoka ng'ambo ya bahari. Mwishoni mwa mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilijaribu kuwapa baadhi yao fedha badala ya chakula, ili wanunue kwa wakulima na wachuuzi wa pale pale. Mwaka 2017 serikali ikasimamisha jambo hilo, na miaka iliyofuata masoko ya pamoja kati ya wakimbizi na wenyeji yakafungwa. Serikali ilikuwa na sababu zake za usalama, nazo hatuzidharau, kwa maana wenyeji wa Kasulu na Kibondo wamebeba mzigo wa wageni miaka mingi kuliko watu wengi duniani, na misitu yao yaonyesha. Lakini soko likifunguliwa na kufungwa kwa tangazo, aliyekuwa amepanda kwa ajili yake hulipa. Hapa nako twauliza lile lile: hasara ya vitunguu vilivyooza siku ile iliandikwa na nani?

Sasa tumgeukie mkulima, maana haki ina macho mawili. Asidhani tumekuja kumbembeleza. Yuko anayeloweka maharage ili yazidi uzito. Yuko anayeweka mawe katikati ya gunia, na akigunduliwa husema ni udongo wa shambani. Yuko aliyepokea mbegu na mbolea kwa mkopo wa chama chake, akaahidi kuuza kwa chama, kisha usiku akamuuzia mlanguzi aliyeongeza shilingi hamsini. Asubuhi chama kikashindwa kutimiza mkataba, mnunuzi akaondoka, na kijiji kizima kikabaki na jina baya. Huyo naye amewatwika wenzake hasara ambayo si yao. Ni kweli mlanguzi hujaza lumbesa, ingawa sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Lakini dhambi ya mzani haina upande mmoja, na chama cha ushirika hakifi kwa sababu ya mlanguzi peke yake.

Baada ya kusema hayo, tulijibu swali letu kadiri tuwezavyo. Twaona ya kwamba anayempangia mwingine maisha yake, akamwambia abadilishe mbegu, shamba au majira, amefanya zaidi ya kutoa habari. Ameweka neno lake rehani. Daktari akitoa dawa isiyofaa hawezi kusema mgonjwa alikuwa mtu mzima. Deni la mshauri si lazima liwe fedha yote. Pengine ni ukweli kwanza, yaani amwambie mkulima si bei ya mwaka jana tu bali na bei mbaya kuliko zote za miaka kumi iliyopita, na nani aliyeanguka, na kwa nini. Mwaka 2017 Tanzania na China zilitiliana sahihi mapatano ya kupeleka huko muhogo mkavu, na mara watu wakaanza kuulizana ekari ngapi walime. Mwenye kuwaambia habari hiyo alipaswa kuwaambia kwa pumzi ile ile gharama ya kukausha, kupakia na kusafirisha kutoka Kibondo hadi bandarini, na ugonjwa wa batobato na michirizi ya kahawia unavyoweza kulimaliza shamba kabla meli haijafikiriwa.

Lakini ukweli pekee hautoshi, na hapa twajua tutawaudhi baadhi ya marafiki zetu wa halmashauri. Halmashauri hupata ushuru wa mazao. Kisheria mnunuzi ndiye hulipa, naye hurudi akaukata katika bei anayompa mkulima. Ushuru huo hutozwa kwa bei ya kuuzia, wala hauulizi kama mkulima amepata faida. Maana yake ofisi iliyohimiza zao hula pamoja na mkulima siku ya neema, na siku ya msiba humwacha peke yake mezani. Hatuoni kwa nini sehemu ya ushuru huo, hata ikiwa ndogo, isiwekwe kando kila mwaka katika mfuko wa wilaya, ifunguliwe mwaka ule ambao zao lililohimizwa na wilaya yenyewe limeanguka, iwanunulie watu mbegu za msimu unaofuata. Tutaambiwa fedha hazitoshi. Twajua hazitoshi. Kwa mkulima pia hazitoshi, lakini yeye hakuulizwa. Na tuna tumaini dogo kwamba ofisi ambayo itagharimika zao likianguka itakuwa na haraka kidogo ya kupungua katika kulihimiza.

Na mashirika ya wafadhili, je? Hayo huja kwa miaka mitano, huondoka na ripoti. Tungependa mkataba wao na kijiji uandikwe katika Kiswahili kinachosomeka, usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji wenye akina mama, na ueleze nini kitatokea mwaka wa sita.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vyetu hufundishwa kupanga kwa njia iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Ni njia njema, kwa kuwa huanzia kwa wananchi wenyewe. Katika makabrasha ya namna hiyo tuliyopata kuyasoma fursa zina kurasa zake na vikwazo vina kurasa zake. Safu ya mwenye kubeba hasara hatukuiona. Ingehitaji mstari mmoja tu wa rula.

Mama yetu hajasoma kabrasha hilo. Januari ijayo, shule zikifunguliwa, atasimama tena kando ya lami na madebe yake mawili, na mtoto mmoja mgongoni. Lori litapunguza mwendo, litasimama, na mnunuzi atateremka akiwa ameshika mkononi ndoo yake mwenyewe ya kupimia.